Kondoo Atoke kwa Kibuchi

Nilikuwa mgongoni mwa mume wa binti yangu, mikono yangu imemzunguka shingo, mguu wangu mbovu unaning'inia, mvua inatupiga, na watu wamejipanga chini ya paa la kioski wanatutazama kama sinema. Aibu hiyo sijawahi kuisimulia yote. Wasio wa huku wataniuliza, kwani kubebwa kuna nini? Huku kwetu Nyeri mama mkwe na mkwe wake hawashikani hata mikono ovyo. Huyo mkwe wangu Muriuki alipokuwa akija kwangu, nilijifunga kitambaa kichwani, nikamsalimu nikitazama pembeni, chakula chake nikampa binti yangu Njoki ampelekee, na mimi kula mbele yake siwezi, heri nilale njaa. Sasa huyo ndiye aliyenibeba kama gunia, mchana, wazazi wake wakifuata nyuma.

Leo nasema, na majina nitayataja, kwa sababu mwenye kosa hakuona haya kunianika mimi.

Nyonga yangu iliharibika kabla ya Uhuru, nikiwa msichana wa kuchuma kahawa kwa mzungu. Tulijazwa kwenye lori asubuhi, dereva anasema pandeni tu, pandeni, litabeba, na lori likaanguka kwenye daraja. Wengine tuliwazika. Mimi niliambiwa nina bahati (bahati ya aina gani sijui), mfupa ukaungana vibaya, na tangu hapo natembea na fimbo, na si mbali. Kutoka kwangu hadi barabarani, kutoka barabarani hadi meza yangu ya maharagwe sokoni Karatina, basi, nimefika dunia yangu yote.

Meza hiyo inatazamana na duka la Kibuchi. Kibuchi anauza mabati na misumari, na miaka ile kahawa ilipopanda bei, pesa ikamwingia, akanunua shamba kule upande wa Naro Moru. Nusu akapanda viazi. Nusu akazungushia seng'enge, akaandika langoni BUSTANI YA RAHA, na kila mtu Karatina akaambiwa sasa hakuna haja ya kwenda Mombasa.

Wakati huo Njoki alikuwa ameolewa Mwea, chini ya Kerugoya, na mumewe Muriuki alikuwa karani kwenye kinu cha mchele huko huko, kijana mpole, wa maneno machache. Shida haikuwa yeye. Shida ilikuwa siku ya kuzungumza mahari, mama yake aliponitazama nikivuka uwanja na fimbo yangu, akauliza mbele ya watu wote, “Mguu huo, mama, ni wa kuzaliwa?” Maana yake mnaielewa. Alitaka kujua kama wajukuu watatoka vilema. Nilijibu kwa upole lakini lile neno lilinikaa kama mfupa wa samaki, na Njoki aliposhika mimba ya kwanza nikasema lazima niwaite hawa watu siku moja ya furaha, niwaone nao wanione, nimekaa vizuri, sisaidiwi na mtu. Mtoto azaliwe akiwa na nyanya, si na mgonjwa.

Kibuchi akanisikia nikiyasema hayo pale sokoni, akavuka barabara.

“Mama Njoki, walete kwangu bustanini.”

“Na huu mguu?”

“Mguu wa nini? Kuna gari moshi, linaanzia langoni. Unapanda tu, unakaa kama malkia, linakupeleka juu kilimani, linakurudisha. Chini hutakanyaga!”

Unapanda tu. Ningekumbuka lori ningekataa, lakini sikukumbuka.

Tulikwenda watano: mimi, Njoki na tumbo lake la miezi saba, Muriuki, na wazazi wake wawili, Mzee Njogu na Mama Muriuki. Huo uzuri wenyewe tulioambiwa, Bwana! Twiga alikuwa wa saruji, shingo imevunjika, imefungwa kwa waya. Kwenye kizimba cha simba kulikuwa na nyani mmoja amelala, ametupa mgongo. Ziwa la mashua lilikuwa dimbwi, na mashua imepinduliwa, juu yake bata.

“Kumbe tumetoka Mwea kuja kutazama bata,” Mzee Njogu akasema.

“Na wa Mwea wamenona,” mkewe akamjibu, na wote tukacheka, hata mimi, na moyoni nikasema haidhuru, wakicheka na mimi inatosha.

Gari moshi nalo lilikuwa trekta iliyopakwa rangi nyekundu, inavuta masanduku mawili ya mbao yenye mabenchi. Dereva wake, Ndirangu, akaitazama fimbo yangu.

“Hiyo iache langoni, mama, itadunga mtu. Si unarudi hapa hapa?”

Nikaiacha. (Kusema kweli nilifurahi, maana ilikuwa mpini wa jembe, na nilitaka Mama Muriuki anione siku moja bila huo mpini.) Tukapanda mpaka kileleni, upepo wa mlima unakata masikio, mlima wenyewe, Kirinyaga, ulikuwa umejifunika mawingu tangu asubuhi. Tukala, mimi nimewapa mgongo kwa sababu ya Muriuki, na kwa ile baridi nikanywa chai, nikaongeza, nikaongeza tena.

Tukasikia chuma kinagonga. Ndirangu alikuwa anachomoa pini, anafungua trekta kutoka kwa masanduku.

“Unaipeleka wapi?” Mzee Njogu akauliza.

“Shambani, mzee. Bosi amesema saa sita iwe kwa viazi. Mvua ikipata mbegu haijafunikwa, mimi ndio nitafutwa kazi.”

“Na sisi?”

“Si mtashuka tu? Ni hapa karibu.”

“Na mama yangu?” Njoki akapiga kelele. “Huoni mguu?”

Ndirangu aliuona. Alitazama chini, akasema, “Nitarudi,” na trekta ikateremka upande wa pili. Tukaisikia huko chini ikilima, inakwenda inarudi, sisi tumekaa kwenye gari moshi lisilo na kichwa.

Tulingoja. Mvua ya mlima ikaanza, ile ya baridi yenye mawe ndani, na pale juu hapakuwa na paa wala kichaka cha maana. Na ile chai ikaanza kazi yake. Choo kilikuwa kimoja, langoni. Wenye miguu mizima mtasema, si uchutame popote? Mimi nyonga yangu haikunji, kuchutama ni lazima nishikwe huku na huku, na wa kunishika ni nani, mama yake Muriuki? Nikabana meno. Njoki akanijua usoni, akaanza kulia.

Mama Muriuki (na hili nampa, sitamnyima) akainama mbele yangu. “Panda, mama. Mimi nimebeba mpunga tangu nikiwa msichana.” Akaninyanyua, akaenda kidogo, magoti yakamkataa, tukakaa chini wote wawili kwenye matope. Mzee Njogu kifua chake kilikuwa kibovu. Njoki na lile tumbo hapana. Muriuki alikuwa amesimama mbali, anatazama mawingu ya mlima kana kwamba yameandikwa kitu.

“Muriuki,” baba yake akaita.

Muriuki akavua koti. Mama yake akalikunja, akamfunga nalo mgongoni kwa mikono yake, ngozi isiguse ngozi, na yule kijana akapiga magoti mbele yangu.

“Mama, unisamehe.”

“Nisamehe wewe,” nikamwambia.

Tulipofika karibu na kioski cha langoni, mmoja akapiga mluzi. “Angalieni! Bwana harusi kabeba bibi!” Mwingine, “Aliachiwa achague, akachagua mzee!” Wakacheka, halafu mama mmoja akasema kwa sauti, “Nyamazeni, huyo ni mama mkwe wake, namjua, ni wa maharagwe.” Wakanyamaza wote. Haki ya Mungu, kicheko kilikuwa nafuu.

Katika kimya hicho mpiga picha wa Kibuchi akaruka mbele yetu. “Cheka kidogo, mama!” Taa ikawaka machoni, Muriuki akateleza, hakuniangusha, lakini nyonga yangu ilijipinda, uchungu ukanipanda hadi kichwani, na kile nilichokuwa nimekibana tangu kilimani kikaniponyoka. Mgongoni mwa mkwe wangu. Koti lenyewe lingezuia nini?

Alijua. Alisimama kidogo, nikamsikia akivuta pumzi. Paa la kioski lilikuwa hapo hapo, watu wameanza kutupisha, na badala ya kuingia akageuka, akatoka nami katikati ya uwanja, akasimama kwenye mvua. Njoki anaita, “Mbona mnanyeshewa? Ingieni!” Alisimama na mimi mgongoni mpaka maji yakawa maji tu, hakuna wa kusema haya yametoka wapi, ndipo akaniingiza ndani na kuniweka kwenye benchi, bila kunitazama.

Watu wa soko wanamwita Muriuki punda wa mama mkwe. Ndiyo maana hilo nimelitoa mwenyewe leo, na aibu yake ni yangu, nimeichukua. Wajue alichonifanyia.

Kibuchi alifika akiwa na Peugeot yake, mkavu kabisa. Fimbo yangu ilikuwa imeegemezwa kuzuia lango lisimfungie. Akafungua kioo.

“Mama Njoki! Umeona raha?”

Na ile picha akaikuza, akaitundika dukani kwake, mlangoni, mahali ninapoitazama kutwa nikipima maharagwe. Nilikuwa ninalia kwa uchungu lakini mdomo uko wazi, mtu anaweza kudhani ninacheka, naye akaandika chini yake: BUSTANI YA RAHA, HATA MAMA MKWE HUCHEKA. Yeye ni wa huku. Alijua anachoandika.

Tangu siku hiyo Muriuki hajakanyaga Karatina, na kuja kwangu lazima upite Karatina. Njoki alijifungua msichana. Mtoto sasa anatembea, ameambiwa nyanya yake yuko, na mimi sijamshika, kwa maana kuletwa kwa nyanya ni lazima baba yake awepo, na wazee wamesema kwanza achinjwe kondoo wa kusafisha lile lililotokea. Mzee Njogu anasema kondoo atoke kwetu, mwenye mguu ni mimi. Ndugu za marehemu mume wangu wanasema atoke kwa kina Njogu, mwenye mgongo ni wao. Mchungaji anasema asitoke popote, tuombe. Na kondoo hajatoka, na mtoto anakua.

Nilivuka barabara kumwomba Kibuchi atoe picha. Akaniambia, “Picha ni yangu. Kwani umeibiwa nini?”

Mimi kitu cha kuambiwa panda tu, sitapanda tena mpaka siku ya kubebwa kaburini. Lakini wewe, Kibuchi, utajibu. Wewe ndiye uliyeniahidi gari moshi, ukalipeleka kwa viazi. Wewe ndiye uliyemwacha mwanamke mjamzito na kilema juu ya kilima kwenye mvua ya mawe, ukatundika machozi yangu ukaita raha. Kondoo si wa Mzee Njogu wala si wetu. Kondoo atoke kwako: dume, mnene, asiyechechemea. Toa picha ukutani kwanza, halafu umlete huyo kondoo mwenyewe, si kwa Peugeot, kwa miguu, upande na kilima cha kwetu mpaka mlangoni kwangu. Nimekaa hapa kwenye meza yangu, ng'ambo ya barabara. Nakungoja uanze kutembea.