Kapu la Generoza kwenye Mstari

Batuli aliyenilea hakuwa na subira na watu wanaozembea dukani. Mtu akitoka kwa Mbaraka mwenye duka na sukari inayonuka sabuni, alimwita pale pale mbele za watu na kumsomesha. Sabuni hailali na sukari, we mama! Chumvi inakaa chini, sukari juu, sabuni unaifunga kwenye ncha ya kitenge. Tulikaa Rumonge, mtaa wa Waswahili, na nusu ya wanawake wa mtaa ule walikuwa wamegombezwa naye kwa faida yao wenyewe.

Ujanja huo aliuanza miaka ya uhuru, lori la bidhaa lilipokuwa linafika kutoka Bujumbura mara moja kwa wiki. Alikwenda na chupa yake ya mafuta ya taa, ameifunga uzi pale kipimo kinapofika, asije akapimiwa kwa kikopo cha Mbaraka ambacho kitako chake kilikuwa kimebonyea kwa ndani. Mzani ukiwa unacheza hakujibu neno, kwa sababu Mbaraka alikuwa na maneno matamu na kila utani wake ulikula sukari kidogo. Wala hakwenda dukani na njaa, hata kama ni kula muhogo wa jana. Tumbo tupu hununua kwa macho, alisema.

Lakini jambo lililowapumzisha wanawake wote lilikuwa kapu. Asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, kila mmoja aliweka kapu lake kwenye mstari barazani, akarudi kwake kufagia na kupika uji. Waliobaki walisukuma makapu ya wenzao mbele. "Kapu ni mutu," alisema Batuli, na ole wake aliyerudisha la mwenzake nyuma.

Generoza ndiye mama aliyenizaa. Alitoka Kizuka, mke wa mwalimu Casimir, mgeni mjini, na siku yake ya kwanza alisimama juani mpaka adhuhuri na mimi mgongoni, akiona haya kuuliza kwa nini makapu yanampita. Batuli alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akampa kapu lake la zamani, akalifunga kitambaa chekundu mshikioni ili lijulikane. Tangu hapo walikuwa chanda na pete.

Mwezi wa tano mwaka 1972, pwani yetu yote ilikuwa kwenye kilio. Watu walikuwa wameuawa, kisha wakaja wanajeshi, na wengine wengi wakauawa. Malori yalipita kuchukua wanaume, hasa waliosoma. Duka lilikuwa limefungwa majuma matatu. Lilipofunguliwa, hakuna aliyethubutu kuacha kapu akaenda zake. Kila mmoja alisimama na lake. Generoza alikuwa wa tatu kutoka mlangoni, nami nimekaa chini kando ya kapu, sijatimiza miaka miwili.

Batuli, aliyekuwa nyuma yake, alichungulia ndani ya kapu.

"Chupa iko wapi?"

"Nimeisahau, dada. Leo anipimie tu na kikopo yake. Naogopa njia."

"Na kikopo yake? Baada ya yote nilikufundisha? Kwako ni hapa karibu. Wende mbio, kapu yako iko. Na mutoto nitamuangalia."

Mama yangu alikwenda. Lori lilikuwa limesimama mlangoni kwetu. Jirani aliyechungulia dirishani alisema baba alikuwa amekwisha pandishwa, na mama alipofika walimuuliza yeye ni nani, naye akajibu kwamba ni mke wake. Wakampandisha na yeye.

Barazani Batuli alilisukuma kapu mpaka mlangoni, na mimi akanisogeza nalo. Mbaraka alipouliza ni la nani, alisema mwenyewe anakuja. Akamnunulia sukari na mche wa sabuni, akaitenga sabuni kama ilivyo sheria yake. Alikaa barazani mpaka duka likafungwa.

Sukari niliila mimi. Sabuni ilibaki ndani ya kapu, kapu likatundikwa msumarini nyumbani kwake, na hakuna aliyeruhusiwa kunawa nayo hata siku ambazo sabuni haikuonekana mji mzima. "Iko na mwenyewe," alisema. Watu walipomshauri anipe jina la Kiislamu, aliwafukuza: "Mama yake akirudi atamuita nani?" Nikabaki Roger katika nyumba ya Batuli, nikila futari yake na kuvaa nguo mpya za Idi yake.

Habari ya chupa alinieleza nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa najua juu ya lori. Sikujua nani alimtuma mama. "Aliniambia anaogopa," alisema, "na miye nikamugombeza juu ya kikopo." Nilitoka bila kuaga, nikakaa Gatete mwezi mzima nikimchukia kwa moyo wangu wote. Niliporudi nilimkuta amelikung'uta kapu vumbi na kulitundika tena, naye akanipakulia chakula bila kuniuliza nilikuwa wapi. Nilikula. Sikumwambia kwamba nimemsamehe, kwa kuwa nilikuwa bado.

Alifariki Ijumaa asubuhi. Wanawake waliokuja kumwosha walitoka uani wakauliza kama kuna sabuni, ili mtu akimbie dukani. Niliwaambia wasiende. Nililishusha kapu, nikautoa ule mche, mkavu, umepasuka kotekote. Mama yangu hakuoshwa na mtu, wala sijui alilazwa wapi. Niliishika sabuni yake kwa muda, kisha nikawapa wakamwoshe nayo Batuli.