Panya wa Kaka Yangu

Nilikuwa nalisha panya weupe katika kituo kimoja cha utafiti Shinyanga. Mtafiti wetu, mama mmoja mpole, aliwadunga vimelea vya malale, ugonjwa wa usingizi, na kuangalia jinsi wanavyougua. Vingine vilitoka kwa ng'ombe, vingine kwa wagonjwa. Kwenye hadubini vyote vilifanana. Ndani ya panya mambo yalikuwa mengine. Waliodungwa vya ng'ombe waliendelea kula na kugombana. Waliodungwa vya watu walisimama manyoya, wakajikunja pembeni mwa kizimba, wakafa mapema.

Kaka yangu alikuwa Runzewe, akifuga na kurina asali kwenye pori lenye ndorobo, wale inzi wanaoleta malale. Homa ilipomshika alifanya kama anavyowafanyia ng'ombe wake wakidhoofu: alichukua dawa ya mifugo, akajichoma pajani.

"Nimejipimia dozi ya ndama," aliniambia kwenye simu. "Sasa nakula kama dume."

"Nenda hospitali, kaka."

"Ng'ombe wangu wanapona bila hospitali. Ngozi yangu mimi ni laini kuliko yao?"

Alikaa vizuri kwa muda. Halafu shemeji akapiga simu: mumewe anasinzia akiwa ameshika tonge la ugali.

Tulimleta Shinyanga. Vimelea vilikuwa vimeshaingia kwenye ubongo, na daktari hakutuahidi kitu. Kabla hajaanza dawa, mtafiti alimwomba damu kidogo ya kudunga panya, naye akakubali.

Nikawa nalisha panya wa kaka yangu. Asubuhi kizimbani, mchana wodini. Niliwatazama kama vile wao ndio wangeniambia kama atapona.

"Panya si mtu, baba," mtafiti alinikanya. "Usijitese."

Nilimwitikia, kisha nikainama kuwatazama tena.

Siku moja kaka alifumbua macho. "Panya wangu wanaendeleaje?"

"Wamekufa."

"Wote?"

"Wote, kaka."

"Na wa ng'ombe?"

"Wanakula."

Akatabasamu. "Umeona? Mimi ndiye mwenye wadudu wakali."

"Hata kitandani unataka sifa!" shemeji alimwambia, akimfuta mate. Kaka alicheka, na usingizi ukamchukua kabla hajamaliza kucheka.

Alifariki wiki hiyohiyo. Tulimzika Runzewe.

Niliporudi kazini, vimelea vyake vilikuwa hai ndani ya mtungi wa baridi kali, vikiitwa kwa jina la mahali vilikotoka. Asubuhi moja kijana mgeni wa maabara alisema, "Leo tumtoe Runzewe." Hakujua. Wakaviyeyusha, wakavidunga kwenye panya wapya. Jioni panya hao walikuwa bado wazima, wananusa vidole vyangu. Niliwajazia maji, nikakabidhi ufunguo.

Tangu hapo nimeishi Nkome nikianika dagaa, nimeishi Bulyanhulu nikibeba mawe, na kote nimeondoka. Kaka yuko ardhini. Kilichomuua kiko Shinyanga, kizima, na kuna mtu mwingine anayekilishia panya.