Wanataka mutoto wangu aseme alidanganya

Admini, jina langu ufiche, na la shule usilitaje, maana hapa Goma tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane. Bwana yangu alibaki Masisi wakati wa vita na mpaka leo sina habari yake. Ninauza makala, makaa ya kupikia, kando ya barabara ya Sake, upande wa Lac Vert. Shida yangu ni ya binti yangu mukubwa, nimuite Neema, miaka kumi na tatu, yuko sixième, mwaka ule wa mtihani wa kumaliza shule ya primaire.

Kambi yetu ya wakimbizi ilipovunjwa tulihamia kachumba ka mbao. Shule nyingi zilimukataa Neema sababu hana karatasi yoyote ya kule alikosomea. Hii moja ikamupokea. Wafadhili walikuwa wameipa tableti, na namna mupya ya kufundisha: watoto watafute shida moja ya mtaa wao, waishughulikie pamoja mpaka waitatue. Wanaita projet. Haki ya Mungu nilicheka. Mutoto ninamutuma asome, ananirudia na kokoto mufukoni!

Lakini madame wao, mwalimu wa darasa, alikuwa na moyo. Watoto walichagua maji. Ninyi wa Goma munajua, ziwa liko pale tunaliangalia, na bado tunapanga mustari na mabidoni ya kuchotea. Mvua ya paa nayo inashuka na vumbi ya volkano. Basi wakatengeneza pipa la kuchuja: kokoto, mchanga na makala, na kila hatua wanapiga picha na tableti. Makala yenyewe yangu! Neema anachagua vipande vizuri vizuri, mimi ninapiga kelele, "We mutoto, utanimaliza!" Yeye anacheka tu, "Mama, makala yako nayo imeingia shule." Maji ya kwanza yalitoka meusi, wenzake wakamuzomea. Ni yeye aliyefikiri kuosha makala kwanza kabla ya kuiweka. Siku aliniletea maji masafi kwenye kabidoni, niliita majirani wote waone.

Kisha wageni waliotoa tableti wakasema wanakuja. Direktere, mukubwa wa shule, akaingia darasani, akachagua watoto wa kueleza. Neema hapana. Kifaransa kinamukwama mudomoni, amezoea Kihunde na Kiswahili. Madame akaamriwa aandike maelezo ya Neema kwa Kifaransa, mutoto mwingine, mwenye viatu vizuri, ayashike kichwani. Watoto waliotoka kambini wakaambiwa siku ile wabaki nyumbani.

Neema hakuniambia kitu. Alivaa uniform akaenda. Ni yeye alikuwa anasafisha pipa kila asubuhi, akaogopa wageni watapewa maji machafu. Ni hiyo tu iliyomupeleka, jamani.

Akakuta kamera, na mwenzake anasema kwa Kifaransa, "Mimi nilifikiri kuosha makala." Neema Kifaransa anakisikia hata kama hakisemi. Akapasuka kwa Kiswahili mbele ya watu wote: "Anadanganya! Ni mimi!" Mugeni mumoja akauliza, huyu ni nani? Direktere akajibu kwamba ni maibobo, mutoto wa barabarani, anakujaka kuiba maji. Na uniform ya shule iko mwilini! Sentinelle, mulinzi wa shule, akamushika mukono akamutoa nje ya lango.

Kesho yake nilienda kwa direktere. Akanipa kiti. Akasema, "Mama, mutoto wako ametuharibia. Wale wageni wakikasirika, tableti zinarudi. Lundi, Jumatatu hii, asimame mbele ya bendera, aseme alidanganya, aombe pardon. Bila hiyo sitamuandikisha kwa mtihani."

Nikamuambia, "Papa direktere, pardon ya nini? Si wewe unajua ukweli?"

"Ninaujua," akasema. "Na wewe ujue hakuna shule ingine itamupokea sasa." Hata sauti hakupandisha.

Madame nilimukuta nje, macho mekundu. "Mama Neema, aseme tu iishe. Mimi nikifungua mudomo wananifukuza, na wazazi wangu wanakula kwa mukono huu." Nimukasirikie namna gani? Nimezunguka shule zingine, kila mahali jibu ni lile lile, arudi mwaka kesho na karatasi.

Basi nikakaa na Neema, nikamubembeleza. Nilimuambia ni maneno tu, atayasema yapite. Akaniangalia, akasema, "Hata wewe, mama?" Hakukula siku ile. Asubuhi yake akasema sawa, atasema.

Sasa direktere anataka aseme kwa Kifaransa, maana atamurekodi na tableti, video iende kwa wageni. "J'ai menti. Je demande pardon." Nilidanganya, ninaomba musamaha. Jana ninapanga makala yangu nikamusikia nyuma ya mbao anajifunza. Anasema, anajisahihisha, anarudia. Kisha akaniita: "Mama, inasikilika vizuri?" Ilikuwa inasikilika vizuri kabisa, haikwami hata kidogo. Nikamujibu ndiyo, nikatoka nje, nikalia mpaka wanunuzi wakapita bila kununua.

Lundi ni kesho kutwa. Nikimupeleka, atafanya mtihani, lakini atakuwa amejiita muongo mbele ya shule yote kwa kitu alichokifanya kweli, na mimi mama yake ndiye nimemusukuma. Nikimuzuia, atakaa na mimi barabarani kwenye makala, na ile barabara ninajua inawafanya nini wasichana. Mimi sioni pa kupitia. Wazazi, walimu, ninyi munaosoma hapa, musinitukane. Muniambie tu, lundi asubuhi nimuvalishe uniform, ao nimuache alale?