Mstari wa Wino Juu ya Kadi

Nna siku moja ya ujana ambayo mpaka leo nikiikumbuka viganja vyangu hutoka jasho, mwanangu. Ilikuwa hapa Maskati, mwaka wa sabini. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe Unguja, kwa kitabu kilichokatika jalada, kisha nikapata kazi ya kutoboa kadi katika maabara ya mafuta karibu na Darsait.

Siku hizo maagizo ya kompyuta yalitobolewa kwenye kadi, kila agizo na kadi yake. Programu yangu ya kwanza ilikuwa kadi mia tatu. Nilizitoboa upya mara nne, maana hata alama ya kidole ilininyima raha. Mkubwa wangu, Bwana Nasoro, akanambia, "Lipigie bunda mstari wa wino juu ya kingo za kadi, pembe hadi pembe. Zikianguka, mstari utakuonyesha mpango wake."

"Hazitaanguka, ami."

Kuzichafua? Sikuweza.

Wakaja wageni wawili, bwana na bibi wa makamo, waliounda kompyuta za mwanzo kabisa huko Uingereza. Ndege yao ilikuwa baada ya adhuhuri. Programu ikienda mbele yao, mimi ningetolewa kwenye kutoboa nikawe mwandishi wa programu. Nikaingia na bunda langu, mikono ikitetemeka. Mlangoni likaniponyoka. Kadi zikatapakaa mpaka kwenye viatu vya yule bibi.

Nilifungua kinywa niseme mashine ni mbovu. Wallahi, uongo ulishafika ulimini.

"Kadi safi, kazi chafu!" akasema Bwana Nasoro.

Nikasema kweli: "Niliambiwa nipige mstari. Nikaona nitaziharibu."

Akamfasiria bibi. Bibi akapiga magoti, akaanza kuokota. "Mwambie bunda langu la kwanza nililiangusha ngazini. La pili lilikuwa na mstari."

Waliondoka hatujamaliza. Nilizipanga siku tatu, nikisoma kadi moja moja. Kisha nikapiga mstari. Mstari ukaenda kombo. Nikauacha hivyo hivyo, nikazipeleka mashineni. Programu ikakwama, nikaitengeneza, ikaenda. Kazi niliyoitaka niliipata mwaka uliofuata.

Mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjika mbele ya wageni. Usiipende kazi yako hata ukaogopa kuitia alama. Jiandae kwa siku ya kuanguka, na ukianguka, sema kweli kabla hujatafuta wa kumsingizia. Kisha okota, kadi moja moja.

Mungu akupe mkono imara. Na siku utakapotetemeka, akujaalie mtu wa kupiga magoti pamoja nawe.