Waliandika Kwamba Anasimama

Nilimfungua mwanangu mgongoni, nikamlaza juu ya meza ya karani, juu ya mafaili yake, nikamwambia, "Msimamishe."

Karani alikuwa dada wa umri wangu, pengine kidato cha nne tulimaliza mwaka mmoja. Alirudisha kiti nyuma. "Mama, mtoe mtoto mezani."

"Si umesema anasimama? Msimamishe na mimi nione."

Foleni ikasogea karibu kutazama. Mzee mmoja mwenye magongo akasema nyuma yangu, "Leo mmempata wa kuwafaa." Hakuna aliyecheka, isipokuwa binti yangu. Ana miaka minne na shingo yake bado inalegea akichoka, lakini aliiona kalamu ya karani imefungwa kamba, inaning'inia, akaanza kuichekea. Vitu vinavyoning'inia anavipendaga sana. Kichwa kikamponyoka upande mmoja, na yule karani akakidaka kwa kiganja kabla hakijagonga meza. Hakufikiri. Akabaki amekishika, akaniangalia, na kwa sauti ya chini kabisa akasema, "Dada yangu, mimi sikuandika. Nasoma tu kilichopo kwenye mfumo. Kuna mtu alikwenda kufanya tathmini, akaandika mtoto anasimama mwenyewe. Ndiyo maana msamaha umeondolewa, na kwenye orodha ya viti hayupo tena."

Kiti chenyewe ni kiti mwendo cha mtoto, chenye mkanda wa kifua na pa kuegemeza shingo. Tulikuwa tunakisubiri tangu ana miaka miwili. Msamaha ndio uliokuwa unatuingiza kliniki ya mazoezi ya viungo kila wiki bila kulipa. Hospitali siitaji hapa. Barua yangu inaitaja, inatosha.

Nilimchukua mwanangu nikakaa naye kwenye ngazi za nje nikalia. Hasira ilikuwa imeishia palepale mezani. Nililia aibu. Nilikuwa nimemlaza mtoto wangu mbele za watu kama samaki sangara anayeuzwa mwaloni, kila mtu atazame, akadirie. Nilimwomba msamaha sikioni. Yeye alikuwa bado anageuza macho kuitafuta ile kalamu.

Kwangu Bunda hakuna aliyewahi kuja kumpima. Lakini mtoto aliandikishwa Butiama, kwa mama mzazi wa mume wangu, na ndiko nilikomwacha wiki tatu za Januari nikishona sare za shule. Mume wangu yuko Kisorya, anapakia mizigo kivukoni, kwa hiyo msaada wangu wa kwanza siku zote ni mama mkwe. Kesho yake nikapanda gari na mtoto mapajani, na njia nzima nilikuwa napanga maneno makali ya kumwambia.

Nilimkuta anaanika muhogo. Akampokea mtoto kabla ya salamu yangu, akamweka kiunoni.

"Mama," nikamwambia, "nilipokuwa sipo, alikuja mtu wa serikali hapa?"

"Alikuja mmoja wa pikipiki."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza mtoto yuko wapi, nikamwonyesha. Akauliza, anasimama? Nikamwambia ndiyo, si unamwona mwenyewe."

"Na mtoto alikuwa wapi?"

Akageuza kipande cha muhogo ambacho kilikuwa kimeshageuzwa. "Shimoni," akasema.

Shimo hilo ninalijua. Kwao pale, mtoto akichelewa kusimama, bibi yake anamchimbia shimo la kumfika kiunoni. Anatandika kitenge chakavu, anamsimamisha ndani, anajaza mchanga taratibu na kuushindilia kwa viganja mpaka miguu inashikwa imenyooka. Halafu anakaa pembeni anapukuchua mahindi na kumwimbia. Siku ya kwanza kuliona nilitupa mkoba chini. Nikamwambia mama mkwe, umenifukia mtoto. Akanijibu bila kuinua macho, "Sijamfukia, nimempanda."

Nilikwenda kumtoa kwa hasira, nikakuta mwanangu ameinua shingo. Kuku alikuwa anapita mbele yake na yeye anamfuata kwa macho, kushoto mpaka kulia, kichwa hakijaanguka. Maisha yake yote alikuwa anaona dari, mapaa na nyuso za watu zimeinama. Nikakaa chini kwenye mchanga. Sikumtoa.

Baadaye nilimsimulia mama wa mazoezi kule kliniki, kwa kujificha-jificha, nikitegemea kugombezwa. Akaniambia kipo kifaa cha mbao kinachofanya kazi hiyohiyo, na cha kwao kimevunjika. Bibi aendelee, ila amtoe mtoto akichoka. Nilipopeleka ujumbe Butiama, mama mkwe akasema, "Kumbe na wao wana shimo. Wanalichonga tu."

Basi mtu wa pikipiki alisimama nje ya uzio wa minyaa, injini inanguruma, mvua inakuja. Akaona mtoto wima pembeni ya ghala, kuanzia kiunoni kwenda juu, anacheka. Rundo la udongo uliochimbwa lilificha shimo. Akauliza swali lake, akajibiwa, akaandika, akaondoka. Kushuka hakushuka.

"Lakini mama, kwa nini hukumwambia?"

"Nilifurahi," akasema. "Miaka yote watu wananiulizaga huyu anaumwa nini, nani amemfanya hivi, kwenu kuna nini. Huyu aliuliza anasimama. Nikasema ngoja na mimi siku moja nijibu ndiyo."

Yale maneno makali niliyoyapanga nikayameza yote.

Akaanza kumwosha mtoto miguu kwenye beseni, maana vumbi la gari lilikuwa limeingia mpaka kwenye vidole. Anamwoshaga kidole kimoja kimoja, anapuliza katikati, mtoto anakunja uso kwa kucheka. Bila kunitazama akauliza, "Sasa watanifunga? Nimedanganya serikali."

"Hakuna wa kukufunga. Kwenye barua ya malalamiko nitaandika kwamba siku ile hapakuwa na mtu nyumbani."

"Usiandike hivyo. Majirani walimwona, na mimi nipo. Niandike."

"Watasema bibi ndiye aliyekosea, wafunge faili."

"Wakifunga utalifungua. Wewe si umesoma? Niandike kama ilivyokuwa."

Nikachana karatasi kwenye daftari langu la vipimo vya sare. Nikaandika pale pale, yeye akimkausha mtoto, ananisahihisha kila nilipotaka kumficha. Kesho yake nikaipeleka mwenyewe Musoma, dawati la malalamiko, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikarudi na nakala yangu. Hii hapa, nimeondoa majina tu.

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU TATHMINI YA MTOTO MWENYE MTINDIO WA UBONGO*

*Mimi ni mama mzazi. Mtoto wangu ana miaka minne. Hasimami, hatembei, hakai bila kushikwa. Ameondolewa kwenye msamaha wa matibabu na kwenye orodha ya viti mwendo kwa sababu mtathmini wenu aliandika kuwa anasimama mwenyewe.*

*Siku hiyo mtoto alikuwa amesimamishwa na bibi yake ndani ya shimo, amejaziwa mchanga mpaka kiunoni, kwa ajili ya kumnyoosha miguu. Bibi aliulizwa kama anasimama, akasema ndiyo. Hakusema kwa nia mbaya. Mtathmini alikuwa juu ya pikipiki nje ya uzio. Hakuingia, hakumgusa mtoto, hakuuliza kama anakula mwenyewe wala nani anambeba.*

*Karani aliyenihudumia asiadhibiwe. Mimi ndiye niliyemlaza mtoto mezani kwake, na hilo naliombea radhi.*

*Naomba mtoto arudishwe kwenye msamaha na kwenye orodha wakati mnachunguza. Naomba apimwe upya na mtu atakayeingia ndani na kumshika kwa mikono yake. Naomba jibu la maandishi.*

*Ipo saini yangu na dole gumba la bibi yake. Anaomba mumjulishe mnakuja siku gani, ili asubuhi hiyo asimweke shimoni.*