Sura Isiyokatwa Mdomo

Ting.

Ni sauti ndogo, ukiwa kwenye mazungumzo huisikii. Juzi nilikuwa napita kwenye karakana ya vijana wa fenicha hapa Masasi, karibu na stendi, nina ndoo ya mihogo ya kukaanga kichwani. Kijana mmoja alikuwa anafunga uzi mpya kwenye msumeno wake wa umeme, ule wa kukatia maua ya mbao. Alipomaliza akaugonga kwa kucha, ting, kama mtu anayejaribu zeze. Nikasimama katikati ya njia.

"Mama mihogo, umeganda?" akaniuliza. "Au umeme umekurukia huko huko?"

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu biashara haitaki mtu aliyenuna, lakini macho yangu yalibaki kwenye ule uzi.

Mimi niliishia darasa la saba, na kwenye daftari hili huwa naandika mambo ya kawaida tu, mvua imenyesha, fulani kaumwa. Hili sijawahi kuliandika. Kuna mahali kumbukumbu yangu inaweza kuwa imeniongopea, na pale nisipokuwa na hakika nitasema, maana sitaki kumwonea mtu, hata mimi mwenyewe.

Tulikuwa tunaishi Mnyambe, upande wa Newala, kwenye mji wa Bibi, mzaa mama. Baba alikuja kuoa pale na kukaa pale, kama wanaume wengi wa kwetu. Yeye alikuwa Mmakua wa huku Masasi, mkulima wa korosho. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye karakana ya useremala kule Ndanda na huko ndiko alikojifunza kukata mbao kwa ule msumeno mwembamba. Meno yake unayasikia kwa kidole kabla hujayaona. Chuma chenyewe chembamba mno, ndiyo maana nyumbani tulikiita uzi. Uzi unafungwa juu na chini kwenye fremu na unakazwa. Baba alikuwa akiugonga kwa kucha kusikiliza. Ukilia chini chini, umelegea, utakata kombo. Ukilia kwa ukali sana, utakatika. Ukisema ting, kazi ianze. Na kila akimaliza aliulegeza, akisema uzi nao unachoka kama mtu.

Haikuwa kazi ya kumletea chochote. Ilikuwa raha yake, basi. Korosho zikishapigwa salfa, ile dawa ya unga, na hakuna cha kupalilia, anaingia kwenye kibanda chake na vipande vya plaiwudi vya makasha ya mizigo. Anatoka na twiga, jogoo, neno KARIBU la kutundika mlangoni. Wachongaji wa pale kijijini, watu wa tezo na mpingo, walimwona anacheza. Mjomba Bakari, kaka yake Mama, ndiye aliyekuwa hodari wa kumtania.

"Shemeji, leo unatushonea nini? Suruali ya mbao?"

Utani huo ulikuwa na sababu. Msumeno wa Baba ulikuwa umefungwa kwenye miguu ya cherehani. Anakanyaga chini, uzi unapanda na kushuka, cha-cha-cha-cha, na mikono yote miwili inabaki huru kuuzungusha ubao. Miguu hiyo ilikuwa ya cherehani ya Bibi, iliyokufa zamani. Nakumbuka jinsi alivyompa, kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa.

Kwetu mwanamume hamkazii macho mkwewe wala hakai naye akapiga soga. Wakikutana njiani mmoja anakunja kona. Wakiwa na la kuambiana wanamtafuta mtoto, hata kama wako hatua kumi tu na kila mmoja anamsikia mwenzake. Mtoto huyo nilikuwa mimi, Somoe, kifungua mimba. Siku hiyo Bibi aliniambia kwa sauti kubwa, Baba akiwa upande wa pili wa ukuta wa makuti: "Mwambie baba'ko ile miguu ya cherehani aiondoe. Inanizibia njia."

Nikazunguka ukuta, nikasema. Baba akanijibu: "Mwambie bibi yako nimesikia, na ahsante." Nikazunguka tena. Bibi akatabasamu huku akipepeta mtama, kanga imemfunika nusu ya uso. Haikuwa inamzibia njia yoyote. Hilo nililijua nikiwa mkubwa.

Nilikuwa na miaka tisa Hamisi, mdogo wangu, alipoanguka kutoka juu ya mkorosho. Alikuwa na miaka mitano, pengo mbele, masikio yamesimama kama vipini vya sufuria. Paja lilivunjika. Wakampeleka hospitali ya Ndanda, wakamning'inizia mguu na mzigo, na Mama akabaki naye huko. Wiki zikawa nyingi. Baba alikuwa akienda na kurudi, na kila akirudi anasema machache kuliko mara iliyopita. Siku moja nilimsikia akimwambia Mjomba Bakari kwamba kidonda kimeingia usaha na homa haishuki. Mjomba siku hiyo hakutania.

Jioni yake nikasikia mashine. Cha-cha-cha. Mlango wa kibanda umefungwa, jambo ambalo Baba hakuwa nalo. Nikachungulia kwenye ufa.

Alikuwa anakata uso wa mtu. Tayari alikuwa amezungushia kichwa na masikio, masikio yamesimama. Nikamwona anatoboa tundu kwa kekee, anafungua uzi upande mmoja, anaupitisha tunduni, anaufunga tena, anaugonga, ting, halafu anakata jicho kwa ndani. Likadondoka. Jicho la pili likadondoka. Chini yake mdomo ulikuwa umechorwa tu kwa penseli, unacheka, na una pengo.

Sasa ni lazima niseme tulivyofundishwa. Lipiko, yule mcheza ngoma wa sisi Wamakonde mwenye sura ya kuvaa usoni, anapotoka kucheza, sisi watoto na wanawake tulikimbia, na Bibi alituambia kwamba ile sura haichongwi na mtu. Ni marehemu ameinuka. Lakini shuleni wavulana waliotoka jandoni walikuwa wakinong'ona: kuna mahali porini sura hizo zinatengenezwa, na mtoto wa kike akiona, amekwisha. Mimi nikayachanganya yote mawili, kama mtoto anavyochanganya. Sura ya marehemu inatengenezwa kwa siri. Baba anatengeneza kwa siri sura ya Hamisi. Kwa hiyo Baba anajua. Hamisi anakufa, na sura ikikamilika ndiyo amekwisha kufa.

Leo najua kwamba mtu wa mwisho kutengeneza lipiko angekuwa Baba. Hakuwa Mmakonde, na lipiko ni gogo linalochimbwa, si plaiwudi ya kasha la sabuni. Angesikia wazo hilo Mjomba Bakari angecheka mpaka aketi chini. Lakini mimi nilikuwa peke yangu kwenye ufa. Sikula. Nilihesabu kilichobaki: mdomo tu.

Kesho yake asubuhi Baba alikwenda shambani. Niliingia kibandani. Nyuzi zake aliziweka kwenye kopo la majani ya chai, zimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta ili zisishike kutu. Newala nzima hazikuwepo nyuzi za aina hiyo, alikuwa akizitunza tangu Ndanda. Nikazivunja zote. Hazina nguvu, unazikunja tu zinakatika, tik, tik, na kila mmoja ukikatika nilikuwa nasema kimoyomoyo, hafi, hafi. Na ule uliokuwa umefungwa kwenye fremu nikauvunja pia. Ulinichana kidole. Nikakinyonya damu mpaka ikakatika, nikafunika kopo.

Alipogundua hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda na kopo mapajani. Baadaye akaniita.

"Somoe, kamuulize bibi yako kama aliona mtu ameingia humu. Kama ni watoto, basi ni watoto. Mimi kesho nitashuka Masasi kutafuta nyingine."

Kutafuta nyingine. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilizunguka ukuta. Bibi alikuwa anachambua kisamvu, akainua uso, akaningoja niseme. Sikusema. Nilisimama pale, nikatazama majani, nikageuka. Nadhani aliniuliza nina nini, sina hakika. Nikarudi kwa Baba nikamwambia:

"Bibi amesema ni yeye. Amesema amechoka na kelele za mashine. Anataka miguu yake ya cherehani."

Nilijua kwamba hawezi kwenda kumuuliza. Sitaki kujitetea kwa kusema sikujua. Mtoto anayetumwa kila siku ndiye anayejua kuliko wote kwamba hao wawili hawataulizana.

Baba akasema, "Haya. Nimesikia." Akachukua spana, akafungua fremu ya msumeno, akaiweka kando. Ile miguu akaibeba mwenyewe begani, akazunguka ukuta, akaitua taratibu kwenye baraza ya Bibi, macho chini, akaondoka. Bibi alibaki ameishika kanga mdomoni. Aliponiita sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Baba'ko kanirudishia. Nimemkosea nini?"

"Sijui, Bibi."

Masasi Baba hakwenda. Mashine haikulia tena.

Na Hamisi akapona. Nawaomba mnielewe hapo: akapona! Homa ilishuka, usaha ukakauka, na baada ya miezi akarudi na mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Mimi niliamini kabisa kwamba ni mimi niliyemponya. Nilitembea pale uani kama mganga mkuu. Leo ni dereva wa bodaboda Newala mjini, na akiwa juu ya pikipiki huwezi kujua kwamba anachechemea.

Raha yangu ilidumu siku moja. Usiku wa siku ile aliyorudi, bado tuko kwenye ugali, Hamisi akamgeukia Baba.

"Sura yangu iko wapi? Ulisema utanikatia sura yangu vipande vipande niwe napanga kitandani. Nilikungoja."

"Uzi ulikatika, baba," Baba akasema, na akaangalia bakuli lake.

Ulikuwa ni mchezo wa kupanga. Mtoto aliyefungwa mguu wiki kumi akitazama dari, hicho tu ndicho alichoahidiwa.

Ningesema wakati ule. Nilikuwa na miaka tisa, naogopa. Hiyo ni sababu, naikubali. Lakini nilikuja kuwa na kumi na tano, na ishirini, na kuolewa huku Masasi. Kwa miaka hiyo sina sababu.

Bibi alipougua ugonjwa wake wa mwisho, mimi nikiwa nakaribia miaka arobaini, nilikwenda kumuuguza. Akaniambia nimwite mkwewe aje mpaka ndani, yeye mwenyewe. Mkwe kuitwa mpaka ndani si jambo dogo kwetu, anayeita anataka kuagana. Nilikwenda mbio shambani. Baba alikuwa na bomba la salfa mgongoni, uso mweupe kwa vumbi. Alisikiliza, akaangalia mikorosho.

"Mwambie nina kazi. Nitakuja."

Hakuja. Siku ya pili Bibi akafariki. Watu walimsema Baba sana, kwamba ana roho ngumu, na mimi nikiwa katikati yao nagawa maji.

Basi juzi, baada ya ile ting, nilirudi kwa yule kijana nikamwomba aniuzie nyuzi. Jana nilipanda gari mpaka Mnyambe. Baba sasa ni mzee, macho yameingia ukungu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikakaa kwenye mkeka, nikamwekea kile kifurushi mkononi. Alikifungua kwa kupapasa. Akaushika uzi mmoja kati ya vidole vya mikono miwili, akauvuta, akaugonga kwa kidole gumba. Haukulia. Uzi bila fremu haulii, na fremu ilikwishaliwa na kutu.

Nikamwambia yote. Kopo, kidole, ukuta, maneno niliyompa ambayo Bibi hakuyasema. Nilitegemea anipige. Ningependa angenipiga. Aliniambia tu nisimame nitoe kitu juu ya boriti, kwenye gunia. Ilikuwa ile sura. Masikio, matundu mawili ya macho, na chini yake penseli imefifia, lakini pengo bado linaonekana. Aliiweka mapajani na kuipapasa pale ambapo mdomo haukukatwa. Kuku walikuja kudonoa karibu na miguu yetu.

Halafu akageuza uso pembeni, kama zamani, kama vile ukuta wa makuti bado upo.

"Somoe," akasema, "kamwambie bibi yako sikujua."

Makaburi yako nyuma ya mikorosho, si mbali. Nilikwenda. Nilisimama mbele ya kaburi lake na safari hii niliyasema maneno kama nilivyopewa, sikuongeza, sikupunguza. Mwanangu mmoja huniambia kwamba mimi najitesa, kwamba watoto wote huongopa. Huenda. Lakini nilipewa miaka thelathini ya kuzunguka ule ukuta, hatua kumi tu, wote wawili wakiwa hai.

Upepo ulipita kwenye majani makavu. Nilibaki nimesimama, kwa sababu Baba alikuwa ananingoja barazani, na mjumbe harudi bila jibu.