Kompyuta Zilizovikwa Bafta

Chumba cha kompyuta cha shule yetu pale Kilwa Kivinje kilinuka mavi ya panya. Wenzangu wakikumbuka shule hukumbuka harufu ya maharage ya mchana au vumbi la chaki. Mimi nakumbuka hiyo, iliyochanganyika na chumvi ya bahari na plastiki mpya ambayo haijaguswa na mkono wa mtoto. Madirisha yalipigiliwa misumari ili wezi wasiingie, mlango ulikuwa na kufuli kubwa, na ufunguo wake ulining'inia kiunoni mwa Mwalimu Komba, ukilia cheng, cheng, kila alipopita. Mpaka leo nikisikia funguo zikigongana damu inanichemka. Watu huniambia, ah, Somoe, samehe, hayo ni mambo ya utotoni. Nawauliza, utotoni ndiko watu hawaumii?

Nilitoka kwetu Mtama nikaja kuishi Kivinje kwa shangazi yangu Hadija ili nisome. Shangazi alikuwa na simu ya kupangusa, na kila palipokuwa na harusi mtaani niliiazima nikapiga picha za video za wanawake wakicheza, mpaka simu ikajaa na yeye akanigombeza. Nilichotaka kujua ni namna watu wanavyozikata picha zile, wakaziunganisha, wakatia muziki, zikawa kitu cha kutazamwa. Shule yetu ilikuwa imeletewa kompyuta na wafadhili wa Dar es Salaam, na tulijua kwamba tukifika kidato cha tatu tutachagua somo la ziada: kompyuta na utengenezaji wa video, ufundi umeme, uchoraji wa ramani za majengo, au ushonaji. Miaka miwili mizima niliisubiri siku hiyo. Sikutaka kingine chochote shuleni.

Mwalimu Komba alikuwa Mngoni wa Songea, mimi Mmwera, na Wangoni na Wamwera ni watani. Kwa asiyejua, mtani wako anaweza kukwambia lolote mbele ya watu, akakuita mwizi, akaficha viatu vyako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukinuna, aibu ni yako. Basi siku ya kuchagua masomo niliponyoosha mkono wangu kwa kompyuta, wa kwanza kabisa, Mwalimu Komba alinitazama kutoka juu mpaka chini akasema, "Mmwera wewe, kompyuta unaijulia wapi? Si utaitia kinuni uitwange ukidhani mhogo! Nenda kwenye cherehani, mtani wangu." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikacheka pia, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Kisha akawapeleka wasichana wote ushonaji, mmoja baada ya mwingine, na kicheko kikawa bado kinaendelea. Nilimngoja baada ya kipindi nikamwambia, shikamoo Mwalimu, mimi nilitaka kweli. Akasema marahaba, akaondoka na funguo zake.

Nilifika nyumbani nikalia mpaka kanga ya shangazi ikalowa. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipalia makaa kwenye jiko. "Mtani hanuniwi, mwanangu," akasema. "Mtani hungojewa." Nikayameza maneno hayo, nikangoja.

Na kwa kuwa nje ya chumba kile sikupitwa na mengi, maana hata wavulana hawakuingia. Mwalimu aliogopa vifaa vya watu visiharibike. Alichora kibodi kwenye karatasi ya manila, akaitundika ukutani, na wavulana wakawa wanabonyeza karatasi kwa vidole, herufi kwa herufi, kama wehu. Sisi upande wa pili tulikuwa tunapinda mapindo. Halafu ikaja habari kwamba wafadhili wanakuja kuziona kompyuta zao, na Mwalimu Komba akaingia darasani kwetu na jora la kitambaa cheupe, akatuambia tuzishonee kompyuta vifuniko, wageni wakute usafi. Tulikigusa kile kitambaa tukatazamana. Kilikuwa bafta. Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa bafta ni ya nini. Ndiyo tunayowavisha maiti wetu. Mwalimu wa watu, Mkatoliki wa bara, alikuwa ameingia dukani akaona nyeupe na rahisi, akanunua sanda. Msichana aliyekaa nami akanong'ona astaghfirullah, akataka kumwambia. Nikamkanyaga mguu.

Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kupima. Mlango ulipofunguliwa ile harufu ikanipiga usoni. Chumvi ilikuwa imekula kila chuma kilichokuwa kwenye zile kompyuta, kutu imeota migongoni, na kwenye boksi moja panya walikuwa wametandika matambara wakazaa. Nilibonyeza kitufe cha kuwashia, kimya. Nikabonyeza cha pili na cha tatu, kimya. "Usishikeshike!" Mwalimu akafoka kutoka mlangoni. Nilizitazama kompyuta nilizonyimwa, zimeoza bila mtu kuzitumia, na niliapa moyoni kwamba mchimba kisima safari hii ataingia mwenyewe. Nikapima, nikashona vizuri sana, pindo nyembamba, mshono ulionyooka. Maiti hushonewa kwa heshima.

Siku yenyewe chumba kilijaa. Wageni mbele, mkuu wa shule pembeni yao, naye ni mzee wa Kimatumbi aliyezijua mila, na sisi washonaji tumepangwa ukutani tupongezwe. Zile kompyuta zilikuwa zimelala safu juu ya meza, zimefunikwa bafta, na wazee wa bodi ya shule walikwishaanza kukohoa kwa wasiwasi. Mwalimu Komba akasema kwamba wanafunzi wake wanazitumia kila siku ya Mungu. Hapo ndipo nilipojitupa sakafuni, mikono kichwani. "Uuuwi! Mtani wangu kafiwa! Watoto wake wote wamekufa na hakutuambia! Wametoka Dar wazima, hata samaki wa Kivinje hawajamwonja!" Nikavuta kifuniko cha kwanza, kutu ikaonekana. Nikavuta cha pili. Wazee wakashika midomo, kisha kicheko kikawashinda, wakapiga makofi ya kilioni. Nanyi mnajua watani msibani huwa wanazuia maziko mpaka wapewe kitu. Nikakaa chini mlangoni nikatangaza, "Maiti hawatoki hapa mpaka watani tupewe ufunguo!"

Mwalimu Komba alitabasamu meno yote nje, maana afanyeje? Kunikasirikia mbele ya watu hakuweza. Mgeni mmoja akainuka akabonyeza kitufe, kikakataa, akageuka kumtazama. Mkuu wa shule akanyoosha mkono, na Mwalimu akaufungua ufunguo kiunoni akampa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilifurahi jamani! Nikarudi nyumbani na kile kifuniko cha kwanza nimekikunja ndani ya mkoba.

Wiki iliyofuata madirisha yakang'olewa misumari, fundi akafufua zilizofufulika, wavulana wakaacha kubonyeza karatasi. Nami nikaenda na daftari jipya. Mwalimu Komba akanisimamisha mlangoni akaniambia, kwa upole, bila utani hata chembe, kwamba majina ya mtihani yalikwishapelekwa, mimi ni wa ushonaji na nitabaki wa ushonaji. Angenitania ningejua la kumjibu. Wasichana waliotufuata walichagua kompyuta, wakakaa kwenye viti nilivyovililia mimi, na nilimaliza shule bila kukaa hata kimoja.

Sasa nina studio yangu Lindi mjini, video nilijifunzia ukubwani kwa kuwaganda wapiga picha wa harusi, na siku mbili kwa wiki nafundisha watoto wa mkondo wa amali, ule wa ufundi, shule moja upande wa Mchinga. Kompyuta zetu hazifunikwi. Herufi za kibodi zimefutika kwa kubonyezwa, wasichana wanakata video huku vidole vina mafuta ya mihogo, na kitu kikiharibika tunakifungua pamoja. Nikiwatazama nafurahi, kisha nakikumbuka cheti changu kilivyoandikwa ushonaji, na hasira inarudi palepale ilipokuwa.

Mwalimu Komba amestaafu, yuko kwao Songea, na kila Idi hunipigia simu. Mara ya mwisho sauti yake ilikuwa imechoka. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza, "Hivi mtani, bado unashona?" Kisha akasema, "Naumwa mimi. Nikifa, tafadhali usije kunililia."

"Nitakuja, Mwalimu," nikamwambia. "Bafta ninayo."

"Ile ya kompyuta?"

"Ile ile."

Akacheka mpaka akapaliwa, akakohoa sana. Mimi sikucheka.